Ngwe Nilizopima Juu ya Maji

Fomu ya makabidhiano niliyojaza siku ya mwisho ina sehemu ya funguo, sehemu ya mafaili, na sehemu ya vifaa ambapo niliorodhesha boti moja isiyo na injini na injini moja isiyo na boti. Mwishoni kuna mstari wa "maelezo mengineyo", mrefu kama kidole. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na maelezo mengineyo ndiyo karibu yote ninayoyajua. Kwa hiyo ninyi mnaoingia kwenye chumba kile chenye dirisha lisilofungika, haya ndiyo yaliyokosa nafasi kwenye fomu.

Nilianza kazi nikiwa na shahada ya mazingira, viatu vipya vya ngozi na siri moja: sikujua kuogelea. Nimezaliwa kwenye mashamba ya pamba, mbali na ziwa, ambako maji ni kitu cha kutazamia kitoke juu. Siku ya kwanza nilitegemea kuonyeshwa meza, nikaonyeshwa boti. Aliyenionyesha ni Mama Kokugonza, fundi wa maabara wa idara yetu, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya chini ambayo haikuwahi kulazimika kupanda.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hivyo viatu vinaelea?"

"Hapana."

"Basi viache ofisini."

Safari yangu ya kwanza ya kikazi nilikwenda pekupeku, nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili na kuubana mkoba kwa magoti. Mama Kokugonza hakuniuliza kama naogopa. Aliniambia tu kwamba anayeshika boti kwa mikono miwili hana mkono wa kuandikia, na siku hiyo alihitaji mtu wa kuandika.

Tulikwenda kuona magugu maji. Mnayajua, lakini naandika kwa ajili ya yule atakayeletwa kutoka mkoa usio na ziwa, kama nilivyoletwa mimi. Ni mmea mgeni, unaelea, una majani ya kung'aa kama yaliyopakwa mafuta, na ua la zambarau ambalo maharusi wa mjini hupenda kupiga nalo picha. Mmea mmoja huzaa mwingine ubavuni, ikashikana, na baada ya wiki chache una mkeka unaobeba ndege wakubwa na kufunga ghuba. Chini yake maji hukosa hewa, samaki huhama, konokono wa kichocho hufurahi. Ukiukata vipande, umeuzidisha. Mbegu zake hulala kwenye tope miaka mingi zikisubiri, kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mtumishi yeyote wa umma, nikiwemo mimi.

Silaha ya Mama Kokugonza ilikuwa fukusi. Si yule wa kwenye mahindi. Huyu ni ndugu yake wa mbali, mdogo kama punje ya mtama, asiyekula chochote isipokuwa magugu maji. Aliwafuga nyuma ya ofisi kwenye mapipa yaliyopasuliwa katikati, akiwafunika kwa chandarua na kuwabadilishia maji kama mtu anayelea vifaranga. Alinifundisha kuusoma mmea: jani lenye makovu madogo, kana kwamba limekwaruzwa na ukucha wa mtoto, lina fukusi, shina lililolegea na kugeuka kahawia lina watoto wake ndani. "Usihesabu wadudu," alisema. "Wadudu wanajificha. Hesabu makovu." Nimeitumia njia hiyo miaka yote, mara nyingine hata kwa watu.

Kazi ngumu ya kwanza haikuwa ziwani. Ilikuwa kuwaeleza wakulima wa mahindi kwamba serikali imewaletea fukusi.

"Hawa tulionao hawatoshi?" akauliza mama mmoja kwenye mkutano.

Nikasimama, nikaeleza kwa Kiswahili cha chuo kwa dakika ishirini. Nilipokaa, mzee mmoja akanyoosha fimbo yake. "Na magugu yakiisha, watakula nini? Watasema basi, acha tufe?"

Mkutano ukacheka mpaka mwenyekiti akapoteza kalamu. Mama Kokugonza hakusimama. Alitoa chupa yenye kipande cha hindi bichi, akatia fukusi sita mbele ya macho yao, akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa, akamkabidhi yule mzee. "Kaa nao nyumbani wiki mbili. Wakila hindi, njoo unipige." Baada ya wiki mbili mzee akaja ofisini kwa miguu. Hindi lilikuwa limeota ukungu lakini zima, na fukusi wote wamekufa kwa njaa. Aliiweka chupa mezani kwa uchungu kidogo, akasema wangeweza kujaribu hata kidogo, kwa heshima ya mwenye nyumba. Tangu siku hiyo sijawahi kueleza kitu kwa dakika ishirini kama kuna chupa karibu. Huo ndio ushauri wa kwanza humu ndani. Mengine yanahusu matope.

Mama Kokugonza alipostaafu na kurudi kwao Bukoba, aliniachia mapipa, kioo cha kukuzia, na onyo. "Fukusi wanataka mwaka na zaidi," alisema. "Watu hawana mwaka." Nilidhani anaaga tu.

Aliyenifanya nilielewe onyo hilo ni Nyamizi wa Nyakalembo. Nyakalembo ni mwalo mdogo wa kushushia samaki, upande wa kusini, ukishapita Nyegezi kuelekea Kigongo, kwenye kighuba kilichopinda kama upawa. Upepo ukishaingiza kitu mle, kukitoa ni shida. Nusu ya kijiji ni wakulima wenzangu, Wasukuma waliosogea ziwani. Nusu ni wavuvi waliotoka pande za Mara. Nyamizi alikuwa mwenyekiti wa wanawake wanaoanika dagaa. Ni mjane, na vichanja sita vilivyo karibu na maji vilikuwa vyake, nguzo amekata mwenyewe. Msimu mmoja, nikikaribia kustaafu, magugu yaliingia kwenye upawa, yakakaa. Mitumbwi ya dagaa ikahamia mialo mingine. Vichanja vikabaki na kunguru.

Kisha ofisini likaja agizo: mialo isiyofanya kazi ifutwe kwenye orodha. Mwalo uliofutwa hauna mkaguzi wa samaki, na mtumbwi hauruhusiwi kushusha hapo hata magugu yakiondoka kesho yake. Ukaguzi ungefanyika baada ya miezi michache, na wa kuandika taarifa ya Nyakalembo nilikuwa mimi. Nilikwenda kuwaambia mwenyewe, maana sikutaka walisikie kwa wapita njia.

Nyamizi alikuwa chini ya kichanja kitupu, akikaza kamba zake kana kwamba dagaa wanakuja jioni hiyo.

"Tukifutwa, mimi naenda wapi?" akauliza.

"Mwalo wa jirani wanapokea..."

"Kule vichanja vina wenyewe. Dagaa nitaanika wapi, kichwani?"

Nikafungua mkoba na kuufunga.

"Usitusomee barua, baba," akasema. "Tupe kazi ya kufanya. Halafu ndiyo uje uandike."

Hapo ndipo nilipoanzisha, kwa jina nililobuni mwenyewe njiani, Kikosi cha Kujitolea cha Kudhibiti Viumbe Vamizi vya Ardhioevu. Jina lilikuwa refu kuliko kikosi. Nilitafuta fulana, nikachora bango lenye mishale, nikatangaza Jumamosi. Ijumaa fulana zote zilichukuliwa. Jumamosi walikuja watu sita, wanne kati yao wakiuliza kama fulana zimebaki. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba karibu wavuvi wote wa pale ni Wasabato. Nikahamishia kazi Jumapili. Wavuvi wakaja wachache, wakulima wakaenda misani wamevaa fulana zangu, na padri, nilisikia, alizisifu.

Aliyenihurumia ni Magesa, mvuvi wa Kijita aliyekuwa na sababu zote za kutonihurumia. Miaka kadhaa nyuma doria ya ofisi yetu ilimchomea kokoro lake. Kwa wasiojua: kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini na kuvutwa mpaka ufukweni, na umepigwa marufuku kwa sababu hukusanya hata samaki waliozaliwa juzi. Nilikuwepo siku ile ya moto. Yeye alikumbuka hata rangi ya shati langu.

"Bwana Magugu," akaniita. Ndilo jina walilonipa, sikuulizwa. "Wewe unapanga kazi kwa kalenda ya ukutani. Hapa kalenda iko juu."

Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Wanaume hushona nyavu, hulala mchana, huwasonga wake zao jikoni wakiuliza chakula kiko wapi. Ndiyo wiki yenu, vijana. Panga kazi yoyote ya ziwani wiki ya mbalamwezi. Wake zao watakuunga mkono kuliko serikali.

Wavuvi nikawapata hivyo. Wakulima alinipatia Nyamizi. "Kujitolea hilo ni neno la ofisini," alisema. "Hawa ukitaka waje, waite kulima." Akanipeleka kwa Mzee Masanja, kiongozi wa ngoma ya kulimia. Kwetu Usukumani watu hulima kwa makundi huku ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo, na makundi mawili hushindana na kutukanana kwa nyimbo kutwa nzima bila mtu kukasirika sana. Nyakalembo kuna kundi la Juu, la mlimani, na kundi la Chini, la bondeni. Wameshindana tangu enzi za babu zao na hakuna anayekumbuka matokeo ya jumla.

Masanja alisikiliza mpaka mwisho. "Magugu ni magugu," akasema. "Tutalima. Ila tupimie ngwe."

Ngwe ni kipande cha shamba kinachopimwa kwa kamba na kupewa kundi. Bila ngwe hakuna mshindi, na bila mshindi, Masanja alieleza kwa upole, mtu achoke kwa sababu gani?

Kwa hiyo mimi, msomi, mtoto wa pamba, nilipima ziwa. Ilinichukua saa tatu. Nilinyoosha kamba ya katani juu ya mkeka wa magugu, nikachomeka mianzi kwenye tope hadi maji yaliponifika kifuani, na kule kusikofikika nikafunga madumu matupu kama alama za mpaka. Ngwe mbili zilizolingana, sahihi kabisa. Magesa na wenzake walikuwa wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakinitazama.

"Bwana Magugu!" akaita. "Na hati utatoa?"

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote niliyowahi kufanya kazi. Ngoma ilianza asubuhi, na watu wakaingia majini wakipiga kelele kama wanaingia shambani. Juu waliimba kwamba Chini wanang'oa kama wanachuma mboga ya mama mkwe. Chini wakajibu kwamba Juu wameogopa kulowa magoti, wake zao watawaanika. Nilizunguka nikitoa maelekezo, na haya yaandikeni: kabla ya kuingiza mkono, piga mkeka kwa mti mrefu ili nyoka aondoke. Gambuti likijaa maji ni nanga, usiende nalo penye kina. Uma wa kupakulia samadi unafaa kuliko panga. Mmea uliong'olewa utupe mbali juu ya ufukwe, mizizi ikitazama jua. Ukiuacha ukingoni, wimbi la kwanza litaurudisha. Na kazi ikiisha, kila mtu aende zahanati apimwe kichocho, hata anayesema yeye hakulowa.

Hadi alasiri ngwe ya Chini ilikuwa maji matupu. Juu walikuwa wamebakiza theluthi. Chini wakacheza ufukweni mpaka mchanga ukatimka. Nyamizi alisimama akitazama ule uwazi wa maji, mkono mdomoni. Nilirudi nyumbani nimelowa hadi kwenye mfuko wa shati, nikamweleza mke wangu kwamba nadhani nina kipaji.

Asubuhi ya pili upepo ulikuwa umegeuka. Ngwe ya Juu, ambayo hawakuimaliza, ilikuwa safi kama sahani. Ngwe ya Chini ilikuwa imejaa magugu mpaka kwenye mchanga.

"Wametumwagia!" Chini wakapiga kelele.

"Nani kawamwagia? Sisi tumelala!"

"Magugu yana miguu?"

"Yamewafuata wenyewe, yamewapenda!"

Mtu mmoja akainua uma, na si kwa ajili ya magugu. Masanja akapiga ngoma mfululizo mpaka wakanyamaza. Kisha akanigeukia.

"Bwana Magugu. Wewe umesoma."

"Nimesoma kidogo, mzee."

"Ulisomea nini?"

"Mazingira."

"Katika hayo mazingira, upepo haukuwemo?"

Ulikuwemo. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilihusu mwendo wa mikeka ya magugu maji kutokana na upepo. Ilikuwa na michoro. Profesa aliisifu. Sijawaambia Nyakalembo hadi leo, na nawaomba msiwaambie.

Juu wakaondoka kwa njia yao, Chini kwa njia yao. Nyamizi akabaki, akiokota nyuma yao uma zilizotupwa, akazipanga moja moja kama vijiko. "Mbalamwezi zimebaki mbili kabla ya ukaguzi," akasema, bila kuniangalia. Aliyasema hayo kwa utulivu, na ndiyo sababu nikaona ni heri angenitukana.

Magesa alishuka kwenye mtumbwi wake uliopinduliwa. Hakuwa akicheka tena.

"Kitu kinachoelea hukisubirii mpakani," akasema. "Unakizunguka."

"Kwa kitu gani?"

Akatazama pembeni. "Mlichoma moja. Yalikuwa mawili."

Mimi nilikuwa mtumishi wa umma, na nilichokuwa nimesikia ni kosa la kisheria. Nyamizi akaendelea kupanga uma. "Mimi sijasikia kitu," akasema.

"Likiwa na wavu wake, Magesa, inabidi nilichukue," nikasema.

"Na likiwa kamba?"

"Kamba ni kamba."

Akaenda nyumbani, akarudi na gunia begani. Kokoro lilikuwa limekunjwa vizuri, maboya yake yamefutwa vumbi. Mtu haweki kitu namna ile kama ameshakata tamaa ya kukitumia tena. Akakaa mchangani, akatoa kisu, akaanza kukata wavu. Aliacha kamba ya juu yenye maboya, na chini yake utepe wa wavu wenye kimo cha mkono wake, wa kushika mizizi. Iliyobaki yote aliikata. Ilimchukua muda mrefu. Watu waliopita walianza mzaha, wakatazama uso wake, wakaacha. Alipomaliza akanisogezea lundo la wavu kwa mguu. "Andika kwamba nimesalimisha," akasema. Niliandika, na ndiyo karatasi pekee ya kazini niliyowahi kuiandika mara mbili ili mwandiko uwe mzuri.

Njia yenyewe ni hii. Unasubiri upepo uulete mkeka karibu na ufukwe. Mitumbwi miwili inaizungusha kamba nyuma yake, kila mmoja unaleta ncha yake nchi kavu, watu wanavuta, na mkeka mzima unakuja ukiwa umekumbatiwa. Hakuna mpaka, hakuna ngwe. Nyamizi ndiye aliyewarudisha Juu na Chini, nyumba kwa nyumba. Sikujua aliwaambia nini. Nilisikia tu Masanja akinung'unika kwamba kuna wanawake ambao ni rahisi zaidi kuvuta ziwa kuliko kuwakatalia. Juu wakapewa ncha moja, Chini nyingine.

Mvuto wa kwanza ukaharibika. Kila kundi lilitaka kumaliza kwanza. Juu wakakimbia na kamba, ikaenda upande, na nusu ya mkeka ikatoroka kupitia kwa Chini, waliolaumiwa na kila mtu hadi na ng'ombe. Masanja akaingia majini na ngoma yake, akasimama katikati ya ncha mbili, maji magotini.

"Sheria imebadilika," akatangaza. "Atakayeitangulia ngoma ameshindwa."

Sijawahi kuona watu wakishindana vikali namna ile kwenda sawa. Walitukanana vilevile, pengine zaidi, lakini kwa mdundo mmoja, hatua kwa hatua, wakichunguzana miguu. Mkeka ukaja taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini. Hadi mwisho wa mbalamwezi ile njia ya mitumbwi ilikuwa wazi.

Nilikuwa na ugomvi mmoja wa mwisho na Nyamizi. Pembeni kulibaki kipande chenye majani yaliyojaa makovu, nikawazuia wasikivute.

"Unaniachia mbegu ya adui mlangoni?" akauliza.

Nikamwonyesha kovu, kisha nikalipasua shina, akaona mtoto wa fukusi akijikunja ndani. Nikamweleza kwamba tukiyaondoa magugu yote tunawaondoa na hawa, na yakirudi yatakuta nyumba haina mlinzi. Aliangalia muda mrefu. "Wanakula kutwa?" "Kutwa." "Basi wape uzio." Tukakizungushia mianzi yangu ya mipaka, ambayo hatimaye ilipata kazi.

Siku ya ukaguzi mitumbwi ya dagaa ilishusha, si yote, lakini ilitosha vichanja kung'aa. Kamati ilitembea, ikasifu, kisha mmoja akauliza swali la haki: mvua zijazo itakuwaje? Sikuweza kudanganya. Magugu yatarudi. Mbegu ziko kwenye tope. Wakaamua Nyakalembo ubaki kwenye orodha kwa uangalizi tu. Mvua zijazo mkaguzi akiukuta umefungwa tena, utafutwa bila mjadala.

Nyamizi akahesabu miezi kwa vidole. "Wakati huo wewe utakuwa umestaafu."

"Nitakuwa nimestaafu."

"Hm," akasema, akaingia kwenye kazi yake.

Hiyo "hm" niliondoka nayo ofisini pamoja na saa ya ukutani niliyozawadiwa. Kwa muda wote ule mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia mwezi, nikipiga simu, nikibeba uma kwenye gari la idara. Kila mradi niliouona ukifa, ulikufa wiki ambayo gari liliacha kuja. Kwa hiyo nikawaandikia mwongozo, kurasa kumi na nne, nikauwekea plastiki usilowe. Hakuna aliyeuomba.

Mvua zikaja kubwa. Nyumbani kwangu Nyegezi naona kipande cha ghuba, na asubuhi moja niliona mstari wa kijani ukisogea kusini, mpana, bila haraka. Nikampigia Nyamizi. Hapatikani. Nikampigia Magesa. Hapatikani. Siku mbili nilizunguka sebuleni mpaka mke wangu akasema kama ni kuangalia magugu, hata nyuma ya nyumba yapo. Siku ya tatu nikachukua gambuti, uma na mwongozo, nikapanda gari la Kigongo. Njiani nilitunga hotuba ya kuwafariji.

Niliposhuka, pua ndiyo iliyopata habari kwanza. Harufu ya dagaa wabichi ilikuwa imejaa hadi barabarani. Nikashuka mteremko. Maji yalikuwa wazi mpaka kwenye mawe ya mbali. Juu ya ufukwe yalikuwa malundo ya magugu, makubwa kuliko yote tuliyowahi kuvuta, mizizi ikitazama jua, yameshaanza kunyauka. Wanaume walikuwa wamelala chini ya mitumbwi kama waliopigwa. Nyamizi alikuwa akipita katikati ya vichanja na beseni kichwani, miguu ina matope hadi mapajani.

"Karibu, mstaafu," akasema.

"Nimepiga simu siku mbili!"

"Simu zote tuliziweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Tulikuwa majini."

"Mmevuta lini? Mwezi ni mdogo, mitumbwi ilikuwa kazini."

"Mitumbwi ilisimama. Tulikubaliana wote. Siku mbili, kutoka alfajiri, na jana usiku ikarudi kuvua. Juu wameshindwa, wametangulia mara mbili."

"Na mkaguzi?"

"Amekuja asubuhi hii, kijana wenu mmoja mpole. Amekunywa chai, amezunguka kote, amesema barua ya kuturudisha kwenye orodha moja kwa moja itafika, tusihame."

"Mbona hamkuniita?"

Akaangalia gambuti mkononi, akaangalia uma, akaangalia zile karatasi zenye plastiki kwapani. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Ungekuja kufanya nini?"

Nilitafuta jibu kwa dhati, kama mtu anayepekua mifuko yake mbele ya kondakta. Halikuwepo. Na sijui niwaelezeje, wenzangu, jinsi kukosa jibu kulivyonipendeza.

"Ila sogea kidogo, Bwana Magugu," Nyamizi akasema, akishusha beseni. "Vichanja vimejaa, na hapo uliposimama ndipo nataka kutandika turubai."

Nikasogea.